Mpira wa Kichwani Ukiingiwa na Bakteria: Kwa Nini Dawa Peke Yake Haitoshi

Mtoto amefanyiwa upasuaji, mpira wa kupunguza maji yaliyojaa kichwani umewekwa, kidonda kimefunga vizuri na utosi uliokuwa umevimba umelainika. Wiki ya nne anaanza homa. Anarudishwa hospitali, anachukuliwa maji kwa sindano, na jibu linalotoka linawakata wazazi maini: mpira umeingiwa na bakteria. Inabidi utolewe wote, mtoto akae wodini akiwa na mrija unaotoa maji nje ya mwili, kisha arudi chumba cha upasuaji kuwekewa mwingine. Swali linalofuata ni la haki kabisa. Kama tatizo ni bakteria, na dawa za kuua bakteria zipo, kwa nini zisitumike hizo, mpira ukaachwa ulipo?

Madaktari huulizwa swali hili mara nyingi na mara nyingi hulijibu kwa haraka, kwa sababu mtoto anasubiri. Likijibiwa taratibu, linafumbua karibu kila jambo lingine linalowachanganya wazazi kuhusu maambukizi haya: kwa nini yanachelewa kujitokeza, kwa nini vipimo wakati mwingine vinaonekana visafi ilhali mtoto ni mgonjwa, na kwa nini kumzuia bakteria mmoja asiingie kuna thamani kuliko wiki nzima za kumtibu.

Tuanze na maji yenyewe. Ubongo una vyumba vinne ndani yake, na humo hutengenezwa maji safi yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo kabla ya kufyonzwa na kurudi kwenye damu. Mtu mzima hutengeneza karibu nusu lita kwa siku, ilhali yanayokuwemo kwa wakati mmoja ni kama mililita 150 tu. Kwa hiyo yanabadilishwa yote mara tatu au zaidi kila siku. Mtoto mchanga ana kiasi kidogo kuliko hicho, lakini mambo ni yale yale: yakizalishwa lazima yapate pa kwenda. Njia ikiziba, iwe kwa kasoro ya kuzaliwa, mgongo wazi, damu iliyovuja kichwani kwa mtoto aliyezaliwa njiti, uvimbe, au makovu ya homa ya uti wa mgongo, vyumba vinatanuka na kuubana ubongo. Hiyo ndiyo haidrosefalasi, maji kujaa kichwani.

Shanti, au mpira kama wazazi wengi wanavyouita, ni njia ya kuyachepusha maji hayo. Ina mrija wa juu unaoingia kwenye chumba cha ubongo, vali inayoamua maji yapite kwa shinikizo gani, na mrija wa chini unaopita chini ya ngozi ya shingo na kifua hadi tumboni, ambako maji hufyonzwa. Karibu na vali huwa pana kifuko kidogo unachoweza kukigusa kwa kidole chini ya ngozi ya kichwa. Vifaa hivi vya silikoni vilianza kuenea baada ya mwaka 1956, pale John Holter, fundi wa mitambo wa Marekani ambaye mwanawe alikuwa na tatizo hili, alipotengeneza vali kwa kushirikiana na daktari wa upasuaji Eugene Spitz. Uvumbuzi ule uliokoa watoto wengi sana. Ulileta pia kitu ambacho mwili haukukizoea: mpira wa silikoni usio na damu ndani yake, unaotakiwa kukaa ndani ya mtoto miaka na miaka.

Sasa bakteria wanatoka wapi? Wazazi wengi hujilaumu. Wanafikiri ni vumbi, ni maji ya kuogea, ni jamaa aliyembeba mtoto bila kunawa. Ushahidi unaelekeza kwingine. Maambukizi mengi ya mpira hujitokeza ndani ya miezi miwili ya kwanza baada ya upasuaji, na sehemu kubwa ya yaliyobaki ndani ya miezi sita. Bakteria wanaopatikana mara nyingi zaidi ni wa jamii ya stafilokoka wanaoishi kwenye ngozi ya kila binadamu bila madhara, hasa Staphylococcus epidermidis. Mwenzake mkali zaidi, Staphylococcus aureus, huja nyuma yake, na yupo mwingine wa ngozi anayeota polepole mno, Cutibacterium acnes. Ukiunganisha mambo hayo mawili, wakati na aina ya bakteria, picha inajitokeza: katika visa vingi bakteria waliingia siku ya upasuaji, wakati ngozi imefunguliwa na mpira unapita, na walitoka kwenye ngozi ya mtoto mwenyewe au kwa watu waliokuwa chumbani. Homa ya wiki ya nne ni habari ya siku ya kwanza iliyochelewa kufika.

Simaanishi kwamba mpasuaji alizembea. Hata kwenye hospitali zenye kila kitu, maambukizi haya hayajawahi kufika sifuri. Inatosha bakteria wachache mno, kiasi ambacho kikiingia kwenye jeraha la kawaida mwili unakimaliza bila mtu kujua. Kwenye mpira hesabu ni nyingine.

Inakuwa nyingine kwa sababu ya namna bakteria hawa wanavyoishi wakikutana na silikoni. Hawaelei tu majini. Wanajishika kwenye ukuta wa mrija, wanazaana hapo hapo, kisha wanatoa ute unaowafunika wote pamoja, kama ule utelezi unaojishika ndani ya tangi la maji ambao hautoki kwa kusuuza bali kwa kusugua. Mwaka 1972 mtafiti wa Uingereza, Roger Bayston, pamoja na mwenzake walieleza kuhusu ute huu kwa stafilokoka waliotoka kwenye shanti za watoto, wakapendekeza kwamba huenda ndio unaowapa nguvu ya kuukalia mpira. Leo utando huo ni jambo linalojulikana kwenye kila kifaa kinachowekwa mwilini, kuanzia nyonga bandia hadi vali za moyo.

Ndani ya utando bakteria hubadilika. Walio chini kabisa hupunguza kasi ya kuishi, hawagawanyiki sana, na dawa nyingi za antibiotiki huua vizuri bakteria anayegawanyika. Kipimo cha dawa kinachommaliza bakteria anayeelea kinaweza kushindwa kabisa kumgusa ndugu yake aliyelala ndani ya ute. Ongeza na hili: kati ya damu na maji ya ubongo pana kizuizi kinachochuja. Vankomaisini, dawa inayotegemewa sana dhidi ya stafilokoka sugu, hupenya kwa kiasi kidogo tu ikitolewa kwa mshipa. Na chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, ni wachache sana kwenye maji hayo, na wakifika wanakuta ukuta wa ute ambao hawawezi kuumeza.

Ndiyo maana dawa peke yake humdanganya kila mtu. Homa inashuka, mtoto anaanza kunyonya, maji yanaonekana safi. Bakteria waliokuwa wanaelea wamekufa kweli. Waliojishika ukutani wamebaki, na dawa ikisimama wanaanza upya. Yapo mazingira machache ambayo madaktari hulazimika kujaribu dawa bila kuutoa mpira, kwa mfano mtoto asiyeweza kuhimili upasuaji, na hapo huwa wanaingiza dawa moja kwa moja kwenye kifuko cha shanti. Lakini kwa ujumla matibabu yanayofaulu zaidi ni yale yanayokiondoa kiota pamoja na ndege.

Jambo linalowasumbua wazazi, na mara nyingine hata wahudumu wa afya, ni kwamba maambukizi haya hayafanani na homa ya uti wa mgongo ambayo watu wameizoea. Shingo ngumu mara nyingi haipo. Mtoto hakakamai, hapigi kelele usiku kucha. Anaweza kuwa na homa ya kupanda na kushuka, hataki kunyonya, analia bila kutulizika au, kinyume chake, amekuwa mpole kupita kiasi. Akiwa mkubwa kidogo atalalamika kichwa na tumbo. Tumbo! Watu husahau kwamba mwisho wa mpira upo huko. Bakteria wakifika tumboni, utando wa ndani hukasirika, wakati mwingine maji yanajikusanya mahali pamoja yakaunda uvimbe unaoweza kupapaswa, na mtoto hupelekwa kwa daktari wa tumbo huku tatizo likianzia kichwani.

Halafu kuna dalili za mpira kuziba, kwa sababu maambukizi huuziba: kutapika, usingizi mzito, utosi kujaa, macho kuelekea chini yasiweze kupanda, degedege. Hizi ni za kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo, iwe kuna homa au hakuna. Kwa upande wa kidonda, wekundu unaofuata njia ya mpira shingoni au kifuani ni kama mstari uliochorwa kuonyesha tatizo lilipo. Na kidonda kinachotoa maji meupe kama ya kunywa, hata tone moja moja linalolowesha shuka, si jambo la kusubiri kliniki ya wiki ijayo. Pale maji yanapotokea ndipo bakteria wanapoingilia. Kuvuja kwa kidonda baada ya upasuaji ni mojawapo ya mambo yanayoongeza hatari kwa uwazi zaidi.

Kuthibitisha ni kazi yenye ufundi wake. Sindano ya mgongoni, ambayo ndiyo kipimo cha kawaida cha homa ya uti wa mgongo, hapa inaweza kukosa kabisa, kwa kuwa kwa watoto wengi maji ya vyumba vya ubongo na ya mgongoni hayawasiliani vizuri. Maji yanatakiwa yachukuliwe kwenye mpira wenyewe. Nywele zilizo juu ya kifuko zinanyolewa, ngozi inasafishwa na kuachwa ikauke, kisha sindano nyembamba sana yenye mrija mdogo mwangavu inaingizwa kwa mshazari hadi ndani ya kifuko. Daktari haivuti kwa bomba. Anaushika mrija wima na kuangalia maji yakipanda yenyewe: yakipanda kwa urahisi, mrija wa juu uko wazi, yakigoma au yakitoka kwa kusuasua, huenda umeziba. Kwa tendo moja anapata majibu ya maswali mawili. Kwa mtoto kinachoumiza ni kama kuchomwa sindano ya kawaida; kinachomkasirisha zaidi ni kushikwa kichwa.

Maji hayo yanahesabiwa chembe, yanapimwa sukari na protini, na yanaoteshwa maabara. Hapa ndipo penye mtego. Bakteria wa ngozi ni wapole, hawachochei mwili sana, kwa hiyo idadi ya chembe nyeupe inaweza kuwa kidogo au hata ya kawaida wakati bakteria wapo. Na Cutibacterium anaweza kuchukua zaidi ya wiki kuota. Mwongozo wa matibabu uliotolewa Marekani mwaka 2017 unashauri sampuli zishikiliwe angalau siku 10 kabla ya kutangazwa kuwa hazina kitu. Maabara inayotupa sahani ya kuoteshea bakteria siku ya tatu itamkosa. Kosa linaloharibu zaidi, kwa maoni yangu, ni lile linalofanyika kwa nia njema: mtoto mwenye mpira ana homa, anapewa antibiotiki kabla maji hayajachukuliwa, halafu maji yanakuja kuchukuliwa siku ya tatu yakiwa yamenyamaza. Hapo hakuna anayejua tena kama anatibu bakteria au mafua, na mtoto anaweza kupoteza wiki nzima.

Ikithibitika, mpira mzima hutolewa, na mrija mpya mwembamba huwekwa kwenye chumba cha ubongo ukitokea nje hadi kwenye mfuko wa kukusanyia uliotundikwa kwa kimo kilichopimwa. Kimo hicho ndicho kinachofanya kazi ya vali. Mfuko ukishushwa, maji yanatoka mengi kupita kiasi. Ukipandishwa, yanarudi kubana. Ndiyo sababu wauguzi huwa wakali mtu akiinua kitanda au kumpakata mtoto bila kuwaita kwanza: wanazuia kichwa kisikauke au kisijae ndani ya dakika chache. Antibiotiki hutolewa kwa mshipa, kwa kawaida vankomaisini pamoja na dawa nyingine ya kufunika bakteria wa tumboni, hadi maabara iseme ni nani hasa. Kisha zinarekebishwa kumlenga.

Mpira mpya unarudishwa lini? Hakuna tarehe moja. Kwa bakteria wapole wa ngozi, na maji yakiwa hayajaharibika, huweza kuwa ndani ya siku chache tangu maji yaanze kutoka safi. Maji yakiwa yameonyesha dalili za uvimbe, husubiriwa takriban wiki ya dawa. Kwa Staphylococcus aureus au bakteria wa tumboni, mwongozo ule ule unataja siku 10 za matokeo safi. Kila siku ya kusubiri ina gharama yake, kwa kuwa mrija wa nje nao ni mlango; ukikaa sana unaweza kuleta maambukizi mapya. Daktari anatembea katikati ya hatari mbili, na mzazi anayeambiwa leo "kesho" na kesho "bado" anafaa kujua kwamba mara nyingi kinachosubiriwa ni sahani iliyoko maabara.

Gharama ya maambukizi haiishii wodini. Bakteria wakali huweza kuacha kuta ndani ya vyumba vya ubongo, maji yakagawanyika kwenye vifuko visivyowasiliana, na hapo mpira mmoja hautoshi tena. Uwezo wa kujifunza unaweza kuathirika. Na mtoto aliyepata maambukizi mara moja ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata tena kuliko yule ambaye hajawahi.

Kwa hiyo vita halisi hupiganwa kabla, kwenye saa moja ya upasuaji. Hapa kuna habari njema, na nyingi hazina teknolojia ya ajabu. Hospitali kadhaa za watoto za Amerika Kaskazini zilikubaliana kufuata orodha moja ya hatua 11, bila kuruka hata moja: alama mlangoni kuzuia watu kuingia na kutoka, antibiotiki ya mshipa kabla ya kukata, dawa ya ngozi kupewa muda wa kukauka, glavu mbili mbili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha maambukizi yameshuka kutoka asilimia 8.8 hadi 5.7. Kila hatua peke yake inaonekana ndogo. Glavu, kwa mfano: utafiti wa Toronto wa mwaka 2001 ulikuta kwamba upasuaji ambao glavu za mpasuaji zilitoboka, hata kwa tundu lisiloonekana, uliandamana na maambukizi zaidi. Watoto njiti nao walikuwa hatarini zaidi. Ngozi yao ni laini na kinga yao haijakomaa.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuutengeneza mpira wenyewe uwe adui wa bakteria. Bayston, yule yule wa ute, alishiriki kubuni silikoni iliyoloweshwa rifampisini na klindamaisini ndani kabisa ya ukuta wake, dawa zikatoka taratibu kwa wiki kadhaa, yaani kipindi ambacho bakteria wa siku ya upasuaji wanajaribu kujishika. Uingereza na Ireland zilifanya jaribio kubwa lililohusisha wagonjwa 1605, watoto na watu wazima, matokeo yakatoka mwaka 2019. Mipira ya kawaida ilipata maambukizi kwa asilimia 6. Yenye madini ya fedha, ambayo wengi waliitarajia, asilimia 6 vile vile. Yenye antibiotiki, asilimia 2. Ni nadra katika upasuaji kupata tofauti iliyo wazi hivyo. Ila jaribio lile lile lilionyesha pia kwamba idadi ya mipira iliyohitaji kurekebishwa kwa jumla haikupungua, maana mpira una njia nyingi za kuharibika ambazo bakteria hawahusiki nazo.

Kwa watoto wengine njia bora ya kukwepa maambukizi ya mpira ni kutouweka. Upasuaji wa kamera hutoboa tundu dogo kwenye sakafu ya chumba cha tatu cha ubongo, maji yakapata njia ya ndani kwa ndani bila kuacha kifaa. Benjamin Warf, daktari wa upasuaji wa ubongo, akifanya kazi Mbale nchini Uganda, aliunganisha njia hiyo na kuchoma sehemu inayozalisha maji, hasa kwa watoto wachanga ambao tundu peke yake huwashinda. Jaribio lililofanyika huko kwa watoto 100 na kuchapishwa mwaka 2017 halikukuta tofauti ya maana katika ukuaji wa akili baada ya miezi 12 kati ya waliofanyiwa hivyo na waliowekewa mpira. Haimfai kila mtoto. Chanzo cha maji kujaa na umri wake ndivyo vinavyoamua. Ila ni swali linalostahili kuulizwa kabla ya upasuaji wa kwanza.

Baada ya miezi sita hatari hupungua sana, na hapo wazazi wanaweza kupumua. Homa ya mtoto wa miaka mitatu ambaye mpira wake una miaka miwili huwa mara nyingi ni homa kama ya watoto wengine: masikio, koo, mkojo. Daktari atatafuta hayo kwanza, huku akiwa hajausahau mpira. Maambukizi ya kuchelewa yakija, mara nyingi mlango wake ni tumbo: kidole tumbo kilichopasuka, au ncha ya mrija iliyotoboa utumbo. Hutokea, kwa nadra, ncha hiyo ikaonekana ikichungulia njia ya haja kubwa. Usiivute. Ukiivuta unaweza kusogeza uchafu wa utumbo kwenye njia inayopanda kichwani; mfunike mtoto nepi safi na muende hospitali yenye daktari wa upasuaji wa ubongo. Kung'oa jino hakuhitaji antibiotiki ya kinga kwa mtoto ambaye mpira wake unaishia tumboni. Kwa wale wachache ambao unaishia kwenye moyo, daktari wao aulizwe kwanza, kwa sababu mpira huo unakaa ndani ya damu. Bakteria wapole wakiukalia muda mrefu wanaweza kuharibu hata figo, jambo lililoelezwa kwenye vitabu vya tiba tangu mwaka 1965.

Daftari la mtoto lisikose mambo manne: tarehe ya upasuaji wa mwisho, aina ya vali, mpira unaishia wapi, na kama uliwahi kuambukizwa, jina la bakteria aliyeota na dawa iliyomuua. Saa nane usiku, kwa daktari wa zamu ambaye hajawahi kumwona mtoto huyo, hayo manne ndiyo yatakayoamua kama sindano inaingia kwenye kifuko usiku ule au asubuhi.